Pumba Kwenye Mazishi ya Lornah

Jumatatu moja mwaka wa 1991, katika shule ya sekondari huko Asembo Bay, Mwalimu Jentrix aliwaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu maneno manne ya Kiingereza ubaoni: trite, stale, hackneyed, threadbare. Akawaeleza kuwa yote hutumika kuyadharau maneno yaliyochoka. Trite ni kitu kilichosuguliwa mpaka kikalika. Stale ni mkate uliolala. Threadbare ni shati lililofuliwa mpaka ngozi inaonekana. Hackneyed ni farasi wa kukodishwa, aliyepandwa na kila mtu.

"Tupe mfano, Mwalimu," akasema Lornah, msichana wa dawati la mbele.

"Msikilizeni diwani wenu," Jentrix akajibu, na darasa zima likacheka.

Alhamisi Lornah akashikwa na kipindupindu. Ijumaa hakuwepo tena. Alikuwa wa nne kijijini mwao mwaka huo. Watu wa huko walikunywa maji ya ziwa kwa sababu bomba waliloahidiwa lilikuwa halijafika.

Siku ya mazishi, diwani Gordon Obiero alifika amechelewa, akapewa kiti chenye kitambaa na soda baridi. Alipopokea kipaza sauti alisema, "Kifo kimetupokonya ua lililokuwa likichanua," na pumba za mahindi zikamtoka kinywani, zikamwagikia tai yake. Akasema pengo lake halitazibika. Zikamwagika nyingine. Alipofika pale pa kusema serikali haijalala, zilikuwa zimemfunika viatu.

Hakuna aliyeshtuka. Diwani alikuwa hivyo tangu achaguliwe, na kamati ya mazishi ilikuwa imeshatenga mama wawili wa kufagia. Wageni wa safu ya mbele walifunika soda zao kwa viganja. Kuku walikuja, wakadonoa kidogo, wakaenda zao.

Jentrix alimtazama kwa kinyaa. Mtu huyu hakujisumbua hata kubadilisha ua. Mwezi wa nne alimzika Mzee Oduor, mvuvi wa miaka themanini na mbili asiye na jino hata moja, na yeye pia alikuwa ua lililokuwa likichanua.

Zamu ya walimu ikafika. Jentrix alikuwa amejiandaa kusema jambo moja tu: kwamba Lornah ameuawa na maji, na kwamba aliyewaahidi bomba ameketi hapo anakunywa soda. Akasimama. Mwalimu mkuu, Bwana Wakoli, akamkazia macho. Diwani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, na mwalimu wa mwisho kubishana naye alihamishwa kabla muhula haujaisha.

Jentrix akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sisi tulimpenda Lornah," akasema, "lakini Mungu alimpenda zaidi."

Kitu kikavu kikamkwaruza ulimi. Pumba za kujaa kiganja zikamwangukia kifuani.

"Amina," watu wakaitikia.

Diwani akamwinamishia kichwa kwa heshima, kama fundi anayemsalimu fundi mwenzake.

Jentrix alirudi kuketi karibu na Mama Dorca, mamake Lornah. Alitamani ardhi immeze. Mama Dorca alimgeukia, akampangusa mdomo kwa pindo la leso yake, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto aliyemaliza uji.

"Nisamehe, Mama," Jentrix akanong'ona.

"Hakuna shida, nyathina, mwanangu. Zako ni kidogo."

Mbele yao diwani alikuwa ameomba kipaza sauti tena ili aongeze machache. Mama wa kufagia wakainuka. Jentrix akaanza kukohoa. Koo lilikuwa limemkauka kabisa. Mama Dorca akainama, akachota kikombe cha maji kwenye ndoo iliyokuwa chini ya kiti, akampa.

"Ni ya ziwa," akasema. "Hatuna mengine."

Hakuna kilichomtoka kinywani isipokuwa maneno hayo. Jentrix akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote.