Lebo ya Yohana

Baba alikuwa fundi cherehani na bintiye anasomea Biblia chuoni, kwa hiyo ubishi haukukosekana nyumbani kwao. Tangu bintiye akiwa mdogo, baba alimwita Profesa kwa utani. Sasa Profesa alikuwa amerudi likizo, kichwa kimejaa, na kimbelembele nacho kimezidi.

Alasiri moja alimkuta baba akipinda suruali ya mteja huku akijisomea kwa sauti somo la Jumapili. Kanisani kila mtu alijua kuwa hilo ni somo lake: asubuhi ya kaburi tupu katika Injili ya Yohana, yule mwanafunzi anayekimbia, anamtangulia mwenzake, kisha anaingia na kuona. Ndilo alilosoma siku walipomzika mama, kwa sauti imara. Jumapili hiyo ilikuwa ibada ya kumkumbuka mama.

"Ninachompendea Yohana," baba alisema, "ni kwamba alikuwepo. Hakusimuliwa. Alitimua mbio mwenyewe."

Profesa angeweza kunyamaza. Lakini wapi!

"Baba, wasomi wengi hawakubali kwamba aliyeandika ni Yohana yule mvuvi. Injili hiyo pengine iliandikwa miaka sitini hivi baadaye. Tena zote nne zilianza bila majina. Majina yaliwekwa baadaye."

"Acha utani, mwanangu."

"Sitanii, baba."

Baba alichomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake, akafikiri, kisha akatabasamu. "Haya, sikiliza. Koti nakata mimi, anashona mwanafunzi wangu, lebo ina jina langu. Koti la nani hilo? Si langu? Basi labda Yohana alisimulia, wanafunzi wake wakaandika."

Hoja haikuwa mbaya. Hata chuoni wapo wanaoishikilia, na Profesa alilijua hilo vizuri sana. Hakulitaja. Alikuwa ameshanusa ushindi.

"Lakini lebo yako unaishona mwenyewe, baba. Hii walishona watu wengine, mwenye jina akiwa ameshakufa."

Baba alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa hiyo aliyeandika hakuingia kaburini?"

"Hakuwepo kabisa."

Hilo la mwisho hakuwa na uhakika nalo, na mwalimu wake mwenyewe angemkatalia. Alilisema kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni.

Baba akaendelea kupinda suruali. Hakusoma tena kwa sauti. Kesho yake cherehani ililia mchana kutwa. Profesa alienda mara kwa mara hadi mlangoni pa chumba cha kushonea ili amwambie kwamba wapo wasomi wanaofikiri kama yeye, na kila mara akageuka akarudi. Aombe radhi kwa lipi, kwa kusoma? Alijitetea hivyo, na nafsi ikazidi kumsuta.

Jumapili baba alivaa koti lake jeusi, akasimama mbele ya waumini, akafungua kitabu.

"Somo letu linatoka katika Injili kama ilivyoandikwa na..."

Akanyamaza. Watu walidhani anamlilia mkewe. Mama mmoja akaguna kwa huruma. Baba alimtazama bintiye, wala si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Profesa," akasema, na safari hii hapakuwa na utani hata chembe, "njoo usome wewe. Mimi nisije nikawadanganya watu."

Alikwenda, aibu imemjaa hadi masikioni. "Yohana," alilitamka jina hilo kwa nguvu, akimwangalia baba, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele kando ya nafasi aliyozoea kukaa mama. Miaka yote, hata akisoma mtu mwingine, midomo ya baba ilifuatisha somo lile neno kwa neno.

Alipofika pale mwanafunzi anapoingia kaburini, Profesa aliinua macho. Midomo ya baba ilikuwa imefumbwa. Alikuwa ameinama, akipapasa pindo la koti lake, akitafuta mahali uzi ulipoachia.