Kipande cha Darajani

Mto wa marehemu ulikuwa umesimama tangu wiki ya mazishi, na leo saa nane mchana ungefutwa.

Haukuwa mto wa maji. Kaka, marehemu mwenyewe, aliuiga kwenye kompyuta ili ajue mafuriko yangefika wapi. Kwa kuwa hakuna mashine moja ambayo ingeubeba wote, aliukata vipande, akavigawa kwenye kompyuta za jengo zima. Kila kompyuta ilikokotoa kipande chake, ikaipa jirani yake maji yaliyovuka mpaka, kisha ikangoja kupewa yake.

Foleni ya kazi hizo ilisimamiwa na mdogo wake wa kike. Shangazi Foleni, ndivyo kaka alivyomwita, na ofisi nzima ikafuata.

"Shangazi, mimi sina roho mbaya," mkuu wa kitengo alisema, amesimama mlangoni kama mgeni. "Lakini watu wa utabiri wa mvua wananilalamikia. Data ya kaka yako imejaza diski, na mashine zimeshikwa bure."

"Si bure, mkuu. Zinangoja."

"Zinangoja nini?"

Hilo ndilo Shangazi alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi, kompyuta moja baada ya nyingine. Kipande cha bondeni kilingoja cha sokoni. Cha sokoni kilingoja cha darajani. Cha darajani hakikujibu. Akatazama kilikuwa kwenye mashine gani. Kilikuwa kwenye kompyuta ya mezani kwa kaka mwenyewe.

"Kipara," alimwita fundi, "nani aliingia ofisini kwa kaka?"

Fundi, aliyechekesha watu hata msibani, alijikuna kichwa. "Mimi. Siku ile ya kuzika. Niliikuta inanguruma peke yake, nikaona haipendezi. Nikaizima, nikaifunika kitambaa. Kwa heshima, Shangazi."

"Ukazika na mto wake."

"Basi nichape. Ila si kichwani, hakuna nywele za kukinga."

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chenyewe kikamshtua. Kisha akaomba ufunguo. Mlango ule alikuwa akiupita mbio, macho chini.

Sweta lilikuwa bado kitini. Kikombe kilikuwa na alama ya chai iliyokauka. Akakikunja kitambaa pole pole, akabonyeza. Feni ikakohoa, ikanguruma. Kaka alikuwa na mazoea ya kuhifadhi kila kipande kwenye mashine ile ile kilikofanyiwa kazi; kwa hiyo cha darajani kilikuwa pale pale kilipoachwa, naye akakiendesha tena.

"Shangazi!" fundi alipaza sauti kutoka koridoni. "Cha sokoni kimeamka! Na cha bondeni!"

Mkuu alitazama saa yake. "Kitamaliza lini?"

"Jioni. Tukipata ramani ya mafuriko, data iliyobaki nitaifuta mwenyewe."

"Haya. Watu wa mvua niachie mimi."

Akakaa kwenye kiti cha kaka, kilicholegea upande wa kushoto alikozoea kuegemea. Jioni, maji yalipofika mwisho wa ramani, aliifuta data, akaizima kompyuta kwa mkono wake. Hakuifunika.