Wasia wa Vespa

Mkono mmoja wa mgeni ulikuwa tayari juu ya usukani wa Vespa, na wa pili alikuwa ameunyosha kwangu, kiganja juu, akingoja ufunguo.

"Bismillahi, binti yangu," alisema kwa upole. "Tusimcheleweshee marehemu haki yake."

Ufunguo ulikuwa ngumini mwangu, chini ya leso, na nilikuwa nimeubana hata ukaniuma. Nyuma yangu lilikuwa pazia la chumba cha mama, na nyuma ya pazia mama mwenyewe, mjane wa miezi miwili, yumo edani, hawezi kutoka mbele ya mwanamume asiye maharimu yake. Kwa hivyo kati ya Vespa na yule mtu nilisimama mimi peke yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, na hizi hasira zangu za karibu ambazo hata leo watu wa mtaani wananitania kwazo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Baba yangu, Badawi, alikuwa karani wa maghala kule Mbaraki, na alipokufa hakuacha kitu cha kuuzika isipokuwa ile pikipiki yake ya Vespa. Mimi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karo yangu ndiyo hiyo iliyosimama ukumbini kwa magurudumu mawili; isipouzwa, nafasi anapewa mwingine. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Tukaweka tangazo gazetini, na hapo ndipo tulipokosea. Mama alishikilia jina la baba liandikwe, na mtaa wake. Kwake yeye, chombo cha maiti hakiuzwi kimyakimya. Anayekinunua ajue kilikuwa cha nani, amrehemu kwanza kabla ya kukipanda. Tukadhani tunamtafutia baba dua za watu. Kumbe tumewatangazia matapeli wa kisiwa kizima kwamba nyumba hii haina mwanamume tena.

Basi simu zikaanza. Bwana mmoja wa Kizingo alitaka apelekewe Vespa mpaka mlangoni kwake aitazame, na petroli iwe juu yetu. Mwingine aliuliza kama marehemu alifia juu yake, maana mkewe ni mwoga. Wa tatu akaniuliza umri wangu, na tangu hapo habari za Vespa zikamtoka kichwani, akaanza za posa. Nikamwambia mama yumo edani, na yeye akapumzike mpaka Mwenyezi Mungu amrudishie akili. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akicheka, na tangu msiba hakuwa amecheka.

Huyu wa nne hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, siku ya Ijumaa, saa ile wanaume wote wako msikitini na kichochoro kimekuwa kitupu. Kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa vizuri, salamu ndefu zisizokwisha. Alisema yeye ni Maalim Twaha, ana madrasa ng'ambo ya Likoni. Mgeni wa namna hiyo humwachi mlangoni. Nikamkaribisha, nikamletea maji, ndipo nikamuuliza mbona hayuko kwenye sala.

"Mimi msafiri, binti yangu," alisema akitabasamu. "Msafiri haimlazimu."

Nilimjazia maji tena, nimeudhika. Mwenzake, pande la mtu, alibaki nje ameegemea ukuta, macho yake yakienda huku na huku.

Kisha maalim akatoa lake. Hakuja kununua. Marehemu alikuwa amemuusia Vespa hii iwe ya madrasa, imbebe mwalimu kwenda kuwasomesha mayatima. Sasa ameona gazetini inauzwa, na moyo umemuuma kwa ajili yetu, kwa sababu wasia wa maiti ukivunjwa, dhima huwaangukia waliobaki.

Hapo ndipo aliposhika usukani, akaninyoshea mkono. Mama namjua. Angelala na njaa mwaka mzima, nami nikae nyumbani bila chuo mpaka nizeeke, kuliko kuvunja wasia wa mumewe.

"Muna," mama aliniita.

"Labeka."

"Muulize maalim. Wasia huo aliupataje?"

Hakungoja nimuulize. Aligeuka, akalikabili pazia kwa heshima, macho chini. "Kwa mdomo wake, bibi. Mwezi mmoja kabla ya mauti yake nilikwenda kumzuru hospitali. Alinishika mkono, akaniambia."

Damu ilinipanda kichwani. Baba yangu alikufa kwa saratani ya koo. Madaktari walikuwa wamemtoa koromeo, na mwaka wake wote wa mwisho hakutamka neno. Akitaka maji, alipiga kofi. Akimtaka mama, aligonga ukuta kwa pete. Hata shahada yake ya mwisho aliitoa kwa kidole. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imefika ukingoni. Nilifungua kinywa nimpasulie.

"Nyamaza, Muna," alisema mama. Kisha, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Alisemaje, maalim? Nieleze maneno yake."

Nilidhani sikusikia vizuri. Yule mtu naye aliona samaki amenasa. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kunena, na lazima nikiri alijua kunena.

"Alisema polepole, bibi. Sauti yake nzito, lakini ya upole. Nawe alikutaja."

"Alinitaja vipi?"

Jina la mama lilitajwa redioni katika tangazo la kifo, kwa hivyo hakupata taabu. "Alisema, Maalim, mke wangu Salha amenivumilia sana. Nikipewa umri mwingine, nitamposa yeye yeye."

"Alicheka aliposema hivyo?"

"Alicheka, bibi."

Pazia lilitikisika. Nikasikia pumzi ya mama ikikatika, kama mtu anayejizuia kulia. Yule mtu akainuka.

"Sasa ufunguo," alisema, na upole wote ulikuwa umekwisha. Mwenzake aliingiza mguu mmoja ndani ya kizingiti. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pazia. Akanishika kifundo cha mkono, akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja. Niliogopa, sina haja ya kujisifu. Nilikibana kile cha mwisho kwa nguvu zangu zote.

"Mwachie mwanangu," alisema mama. Sauti yake ilikuwa kavu sasa. "Mume wangu hakuwa na koromeo. Mwaka mzima mimi sikulisikia neno lake. Wala wewe hukulisikia."

Mkono wa yule mtu ulilegea kidogo. Kutoka upande wa msikitini sauti za wanaume zilianza kujaa kichochoroni, makubadhi yakikwaruza mawe. Maalim alisikiliza. Aliniachia, akaweka kofia yake sawa.

"Huenda nimechanganya nyumba," alisema. Akatoa salamu kamili, akaondoka na mwenzake, wala hawakukimbia.

Nilitia komeo, nikamgeukia mama na hasira zangu zote. "Ulijua tangu neno la kwanza. Angenivunja mkono, nawe wamuuliza kama alicheka?"

"Nilijua, mwanangu, nisamehe." Alikuwa amekaa kitako nyuma ya pazia, uso umelowa. "Siku zote hizi, Muna, hakuna aliyenijia akaniambia, Badawi amesema."

Nilikaa naye chini, nikampangusa uso kwa leso yangu.

Wiki iliyofuata Vespa ilinunuliwa na Jefwa, aliyefanya kazi na baba Mbaraki, na nafasi yangu ikawa yangu. Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa akinikunjia nguo kitandani. Aliuliza bila kuinua macho.

"Yule mtu, pale aliponitaja, alisema vipi vile?"

Baba hakumwita mama Salha hata siku moja. Tangu nipate akili nilimsikia akimwita Bibiye, hata mbele za wageni.

"Alisema, Bibiye amenivumilia sana," nilimwambia. "Nikipewa umri mwingine, nitamposa yeye yeye."

Mikono yake ilisimama juu ya kanzu yangu.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.