Waifai Hadi Chooni

Zamani waifai yetu ilishika sebuleni tu, kwa hiyo mimi, mdogo wangu na mshonaji tuliyepanga naye tulibanana kwenye kochi moja. Tuligombania chaja, tulitaniana, na tulijua nani kala na nani hajala.

Lakini malalamiko hayakwisha. "Kaka, huku chumbani haishiki hata kidogo!"

Nikajitia ufundi. Nikatoboa ukuta, nikapitisha waya, nikatundika ruta koridoni. Ikashika kila pembe, mpaka chooni. Wakanipigia makofi, kisha kila mtu akaingia kwake akafunga mlango. Kochi nikabaki nalo mimi.

Juzi homa ikaniangusha kitandani, koo limekauka, sauti haitoki. Nikaandika kwenye kundi letu la nyumba: "Jamani, naomba maji."

Ujumbe ulifika papo hapo, si kazi ya mikono yangu? Shukrani ya punda ni mateke. Ya mshonaji ilikuwa kidole gumba. Mdogo wangu, aliye nyuma ya ukuta nilioutoboa mwenyewe, akajibu:

"Pole sana kaka. Ukipata nafuu iangalie ruta, leo inasuasua."