Dereva wa Kinanda

Jana usiku nililala stoo, juu ya magunia ya mahindi, na huko ndiko nilikoota haya ninayoyaeleza.

Kwanza niseme kwa nini nililala stoo. Nyumba yetu iko Uyole, jirani kabisa na barabara kuu iendayo Zambia, na malori hayaishi kupita. Chumba pekee chenye utulivu ni stoo, kwa sababu magunia hunyonya sauti na mlangoni nimetundika blanketi. Humo ndimo ninamotaka kurekodi. Nina kinanda cha umeme cha zamani kilichokuwa cha kaka yangu, Ambokile. Nina kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yangu. Nina pia waya wa kuviunganisha. Nilichokosa ni ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ikitambue kinanda, ile ambayo mafundi huiita dereva. Nilihangaika nayo mpaka usingizi ukanichukua.

Wimbo ninaotaka kuurekodi ni wa kaka. Aliutunga alipokuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu: beti mbili na kiitikio. Ubeti wa tatu alisema ataumalizia. Kisha baba akapooza, kaka akaenda kuwa utingo, baadaye akawa dereva wa lori, kinanda kikabaki kwangu. Nyumbani hupita mara nyingi tu. Husimama barabarani, hushusha mchele au dagaa, humwamkia mama akiwa bado amekanyaga ngazi ya lori, kisha huondoka. Ndani haingii. Hatujawahi kumuuliza. Sasa sikio moja la mama limekwisha kufa, na daktari anasema la pili liko njiani. Ndiyo maana nina haraka.

Basi, naota nimechomeka waya, na kinanda kinakohoa.

"Mdogo wake Ambokile," kinasema, "umekosea."

"Shikamoo," nakiamkia, maana sauti yake ni ya mtu mzima.

"Marahaba. Waya una vichwa viwili, cha kuingia na cha kutoka. Wewe umevichomekaje?"

"Cha kuingia nimekiingiza penye kuingia. Cha kutoka, penye kutoka."

"Ndivyo wanavyofanya wote. Sasa mimi nasema na mwenzangu anasema. Wa kusikiliza ni nani? Kinachotoka kwangu ndicho kinachoingia kwake. Geuza."

Nageuza. Papo hapo mama anatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi, anasimama uani. Narudisha waya kama ulivyokuwa. Mama anarudi jikoni. Nageuza tena, anatoka.

"Tusekile," ananiuliza bila hasira, "nikae ndani au nikae nje? Viazi vinaungua."

"Kaa nje kidogo, Mama."

Anakaa nje. Mvua inaanza kunyesha juu yake, nami siwezi kuchomoa.

"Dereva hayupo," inasema kompyuta. Ina sauti ya karani ambaye alikuwa anajiandaa kufunga ofisi.

"Dereva wa nini?"

"Chungulia."

Nachungulia. Stoo yetu ina matairi. Imeegeshwa vibaya katikati ya barabara kuu, na nyuma yetu mtu ametandaza matawi ya miti lamini kama wanavyofanya gari likiharibika. Malori yamepanga foleni hadi siyaoni mwisho wake. Yanapiga honi.

"Basi nipe dereva yeyote," nasema.

"Yupo wa jumla."

Blanketi linainuliwa, anaingia mwanamume ambaye ukigeuka tu umeshamsahau sura. Anatusalimia wote kwa mpigo mmoja, mimi, kinanda na magunia, anakaa na kuanza kupiga wimbo wa kaka. Hakosei hata kidogo. Ila kila nota anaipiga sawa na mwenzake, ya furaha na ya msiba, kama mtu anayegonga mihuri.

"Umeridhika?" ananiuliza.

"Hapana. Samahani sana."

"Huwa hawaridhiki," anasema, anafunga kifungo cha koti. "Lakini wengi hunichukua hivyo hivyo."

Anatoka polepole akitazama chini. Natamani nimwite anywe chai, lakini nimeshamsahau.

"Anayetakiwa hasa," inasema kompyuta, "ni dereva aliyekuja na kifaa. Hiki kinanda kilikuja na nani?"

"Na kaka yangu. Alikibeba kichwani kutoka stendi. Mvua ilipoanza alivua koti akakifunika, yeye akafika amelowa chapachapa."

"Nakumbuka," kinasema kinanda.

"Mlete," inasema kompyuta.

"Yuko safarini."

"Madereva wengi wako safarini. Pita humu kwenye waya."

Napita. Ndani ya waya kuna korido nyembamba, baridi yake ni ya mwezi wa sita, na kabla sijajua ninakwenda wapi nimeshafika mpakani Tunduma. Penye dirisha la ukaguzi amekaa nota ya do. Ni do wa katikati, yule tunayeanzia mazoezi ya kwaya. Amevaa tai.

"Nota gani?" ananiuliza.

"Mimi si nota. Ni mtu."

"Imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani?"

"Kwa nguvu zangu zote."

"Umeishikilia kwa muda gani?"

Nafikiri kidogo. "Tangu baba alipopooza."

"Na bado hujaachia?"

"Bado."

Ananitazama kwa mara ya kwanza. "Pita. Sauti yako iache hapa."

"Sauti yangu nikuachie?"

"Kwenye waya huu haipiti sauti, dada. Zinapita habari tu: ni nota ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeshikwa kwa muda gani. Sauti utapewa ng'ambo. Ziko za kila aina."

Naitoa sauti yangu. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Anaitia kwenye beseni lenye sauti za watu waliotangulia, na ng'ambo wananikabidhi tarumbeta.

"Jambo moja zaidi," ananiita nikishaanza kuondoka. "Kompyuta yako ni dhaifu. Utakachosema hakitafika hapo hapo. Naweza kukiharakisha, lakini kitakatikakatika. Chagua: kichelewe, au kikatike?"

Watu wa nyuma wananisukuma. Nayawaza maneno yangu yakimfikia kaka vipandevipande, herufi huku, herufi kule.

"Kichelewe," nasema.

Hilo nalijutia mpaka sasa. Vipande mtu angeweza kuviunga.

Lori la kaka liko palepale mbele, katika foleni ya geti. Namwona kupitia kioo. Amezeeka upande mmoja tu, upande wa dirishani, ule unaopigwa na jua barabara nzima. Upande wa pili ni yule yule aliyekuwa akituongoza kwenye kwaya.

"Kaka!" naita. Inatoka tarumbeta.

Anasogeza lori pembeni ili anipishe.

Napanda ngazi ya lori, nagonga kioo. Anakishusha, uso unamchangamka.

"Nimesikia, Tuse, nimesikia," anasema. "Makande yameiva. Waambie waanze, nanawa mikono nakuja."

Naduwaa. Kisha naelewa. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma kanisani kumwita aje kula, naye akizama kwenye kinanda alikuwa hasikii. Sauti yangu ya siku zile ndiyo kwanza inamfikia.

Sasa nasema haraka haraka, na tarumbeta linalia mpaka utingo wa lori la nyuma anaziba masikio. "Kaka, sikio la mama linakwisha. Wimbo wako hauna mwisho. Kompyuta haimtaki dereva mwingine ila wewe. Kaka, shuka uingie ndani."

Ananitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake aanze kusema.

"Mbona umenyamaza?" ananiuliza.

Natikisa kichwa. Anadhani nimeitikia jambo.

"Ule ubeti wa tatu niliupata," anasema.

Namuuliza ni lini, na wapi, na ulisemaje. Hayo yote anayaona midomoni mwangu tu, kwa hiyo anaendelea mwenyewe.

"Niliupata kwenye foleni ya mzani, nasubiri kupimwa uzito. Ulikuja wote mara moja, na maneno yake. Nikatafuta pa kuupigia, nikaona usukani. Nikaupiga kwenye usukani, Tuse, ulikuwa mzuri. Nyuma wakaanza honi, sogea, unachelewesha watu. Nikasogea. Nilipofika mbele nikawa sinao."

Anaiinua mikono yake miwili na kuitazama, mmoja mmoja.

"Mnadhani sitaki kuingia nyumbani," anasema. "Mimi naogopa. Nikikaa kwenye kile kinanda, mikono hii itatafuta gia."

Sina la kusema ambalo lingefika, basi naushika mkono wake. Hilo linafika hapo hapo, sijui kwa nini. Anauacha mkono wake ndani ya wangu. Una ngozi ngumu, na kidole cha shahada kinagonga kiganja changu taratibu, kinatafuta kitu, hakikipati, kinaanza upya.

Geti linafunguliwa. Honi zinaanza.

"Teremka, utafika Zambia bila kupenda," anasema. "Msalimie mama. Mwambie mchele wa safari hii ni wa Kyela, asiuloweke."

Nateremka. Lori linaondoka.

Ndipo maneno yangu yanapotokea. Yanatoka kwenye waya moja moja, yanatazama kulia na kushoto kama watu wanaotaka kuvuka barabara. "Kaka" limetangulia. "Mama" linafuata likipapasa ukuta. "Wimbo" limevaa viatu vya kanisani, litaumia njiani. "Shuka" ni neno fupi, miguu yake ni mifupi, linakimbia nyuma ya wenzake likihema. Yote yanashika barabara kulifuata lori kwa miguu, na lori limeshakuwa dogo.

"Rudini!" nayapigia kelele. "Amekwenda! Rudini, nitampigia simu!"

Hayageuki. Na hilo pia litachelewa.

Nasimama mpakani na tarumbeta langu, nayatazama mpaka yanapotelea kwenye vumbi. Do wa katikati ametoka kwenye dirisha lake na kusimama kando yangu. Amelegeza tai.

"Wengi huchagua hivyo," ananiambia. "Kichelewe. Wanaona ni heshima zaidi."

"Na hufika?"

"Kufika hufika," anasema. "Tatizo ni kinamkuta mtu wapi."

Hapo niliamka. Jua lilikuwa limeshapenya pembeni mwa blanketi, shingo ilinikaza, na mahindi yalikuwa yamenichora shavuni. Kinanda kilikuwa kimya. Kompyuta ilikuwa imeandika yale yale, kwamba kifaa kimeonekana lakini dereva hayupo. Nilichomoa waya nikaukunja. Nilijiambia ni ndoto ya uchovu, na kwamba kama ni kweli alikuwa na ubeti wa tatu akaupoteza, mimi siwezi kujua, kwa kuwa sijawahi kumuuliza.

Mama akafunua blanketi. Alikuwa mkavu, mzima, ananukia moshi wa jikoni. Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima.

"Simu yako inalia," aliniuliza, "au ni sikio langu?"

Ilikuwa inalia. Niliitafuta katikati ya magunia, nikaipata. Alikuwa kaka, ambaye huwa hapigi simu akiwa njiani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Tuse. Mama mzima?"

"Mzima. Yuko hapa. Kuna nini?"

Nilisikia lori likipita upande wake, kisha jingine, na upepo mwingi.

"Nimeshuka," alisema.

"Umeshuka wapi?"

"Kwenye gari. Nilikuwa naendesha, nikasikia naambiwa shuka uingie ndani. Lilikuwa tarumbeta, wala sijui nimelielewaje, lakini nimelielewa. Nikaegesha, nikashuka." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Sasa hapa nilipo ni ng'ambo, Zambia, Tuse, nimeshaipita Mpika. Ni pori huku na pori huku. Naingia wapi?"