Mnyama Aliaye "Hao"

Siku hiyo nilitoka kikaoni nimefura hasira. Bomba letu lilikuwa likipasuka kila wiki, na sisi wa mtaa wa juu tukaamua kuwafungia maji watu wa bondeni, maana lazima apatikane wa kulaumiwa. Mimi Semkiwa, mstaafu wa reli niliyewahi kumtimua simba stesheni kwa filimbi (usiponiamini shauri yako), ndiye niliyesimama nikanguruma, "Hao ndio waharibifu! Hao wasichote!" Nikapigiwa makofi, nikakabidhiwa ufunguo wa bomba la bondeni, nikalifunga. Mchana nikarudi nyumbani. Nikajitupa mkekani, usingizi ukanibeba.

Nikajikuta katika nchi ya udongo mwekundu, majani yake makali kama nyembe, na mbele yangu mwanamke aliyejifunga kibwebwe, macho yanawaka. "Mimi ni Bi Hasira," alisema. "Chuki ni mwingine, usinichanganye naye. Nimetumwa na Haki, yeye amechoka kukungoja." Kabla sijajibu, kitu kikalia kichakani, "Ao! Ao! Ao!"

"Nani huyo anayewasema watu?" niliuliza, maana masikioni mwangu lilikuwa neno letu kabisa: hao, hao, hao.

"Ni Ao Ao, dude la Waguarani wa Amerika ya Kusini. Kwao limepewa jina la mlio wake. Wewe umelilisha leo asubuhi, likashiba, sasa linataka tena."

Likachomoza: manyoya ya kondoo, kucha kama majembe, meno yanachuruzika. Nilikimbia kama niliyerudishiwa ujana! Nikaparamia mkwaju uitwao Kisingizio huku nikipiga kelele, "Kikao kizima kilikubali!" Dude likafukua mizizi, mti ukalala chini na mimi juu yake.

"Mnazi, babu!" Bi Hasira alifoka. "Ndio mti pekee ambao haliwezi kuung'oa!"

"Hauna vidato!" nililia, nimeshaukimbilia na kuukumbatia.

"Vidato vyake ni majina. Wataje wa bondeni, mmoja mmoja!"

Nikamtaja fundi Mhina, kidato kikachongeka. Nikamtaja Nasemba muuza vitumbua, nikapanda cha pili. Basi. Nyumba arobaini, miaka kumi na mmoja ya ujirani, majina mawili! "Wengine?" Bi Hasira aliuliza. "Yule... wale... hao..." nilibabaika. Neno likaniponyoka, na papo hapo meno yakanidaka kisigino. "Mzee mzima!" Bi Hasira alilia kwa uchungu. "Wanakuamkia kila siku, na wewe huwajui!"

Niliamka jasho linanitiririka, na hasira yote niliyowawekea watu wa bondeni imegeuka kunikodolea macho mimi. Dude lile nimelifuga mwenyewe, kinywani. Nikavaa ndala, nikashuka bondeni. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu, mtoto mwenye homa mgongoni.

"Shikamoo," alisema bila kunitazama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza jina lako."

"La nini? La kuandika kwenye orodha ya waharibifu?"

Akainuka, akanisukumia ndoo kifuani.

"Kafungue bomba, mzee. Jina utaniuliza ndoo ikijaa."