Nzuri, Ila

Jumamosi asubuhi mkaguzi alikuwa akiosha gari mbele ya nyumba yake, ndoo ya povu kushoto na ya maji safi kulia, mkewe alipotoka kuchukua mfuko wa unga uliosahaulika kwenye buti. Mkewe alifungua buti, akaupata unga, akaupangusa udongo kwa kiganja.

"Baba watoto," alisema, "huku kuna mtu."

Mkaguzi alikamua kitambaa kwanza, ndipo akaja. Pale pa gurudumu la akiba palikuwa na shimo, na ndani yake mwanamume mmoja alikuwa akipanda taratibu, akishika mizizi. Alikuwa mwekundu kwa udongo mpaka kope. Shimo lilishuka hadi mwanga wa jua ulipochoka, ingawa ukiinama kutazama chini ya gari uliona sakafu kavu na paka amelala.

Mama mkwe, ambaye aliishi nao na hakupenda mgeni asimame, alitoka na jagi la maji na kigoda.

"Shikamoo, mama," alisema mchimbaji.

"Marahaba, baba. Keti. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mchimbaji aliketi, akanywa jagi zima. Mkaguzi hakuwa amewahi kuuona uso wake, lakini sauti aliitambua tangu kwenye shikamoo, na moyo ukaanza kumsuta kabla hajaulizwa lolote.

Mkaguzi alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha magari ya umeme. Kiwanda kiliwaambia wateja kwamba madini ya betri zake ni safi kuanzia shimoni mpaka barabarani, na kazi ya mkaguzi ilikuwa kwenda shimoni kuhakikisha. Kiangazi kilichopita alikwenda. Kanuni ilitaka wachimbaji wahojiwe bila msimamizi kuwapo, kwa hiyo msimamizi alisogea kando kidogo na kuwapa mgongo. Shimo lilikuwa jembamba na mkaguzi alikuwa na viatu vipya. Hakushuka. Aliinama mdomoni mwa shimo, akaita, "Habari za huko chini?"

"Nzuri," ilijibu sauti, "ila..."

Sasa, aliyelelewa na watu anajua salamu inavyokwenda. Hata anayeunguliwa na nyumba atasema nzuri kwanza. Kisha atavuta pumzi, aseme ila, na jambo lenyewe ndilo linalofuata hapo. Anayetaka habari husubiri. Anayetaka kuondoka huondoka na nzuri yake. Mkaguzi alilelewa vizuri na haya yote aliyajua, ila dereva alikuwa ameshawasha gari, na kwa cheti cha ukaguzi, nzuri ilitosha. Angependa kusema kwamba ile ila hakuisikia. Aliisikia. Masika yakaja, udongo ukashuka, na mdomo wa shimo ukaziba na watu wakiwa ndani.

"Nimekuja kumalizia salamu," alisema mchimbaji.

"Karibu," alisema mkaguzi. Angesema nini tena?

"Nzuri, ila nguzo zimeoza. Ndilo nililotaka kukwambia siku ile. Zile mbao za kuzuia udongo, ukizishika zinabaki mkononi. Kwetu sisi limeshapita, hatudai. Lakini shimo la jirani lina mbao zilezile, na dada yangu anachimba humo. Na mvua zinarudi."

"Pole sana," alisema mke wa mkaguzi, akitazama matope yalivyokuwa yakichuruzika juu ya bamba. "Ila kaka, mbona umepitia kwenye buti letu?"

"Kwetu kumeziba, shemeji. Madini yetu yamo kwenye betri hii, tukayafuata. Ndiyo njia iliyobaki wazi."

"Mko wengi?"

"Tupo. Wenzangu wanangoja zamu, hawapendi kukujazieni uwanja."

Alishukuru kwa maji, akaingia tena kwenye buti, mguu mmoja kisha mwingine, akashuka. Mama mkwe alikirudisha kigoda ukutani.

"Mkwe," alisema, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi safari hii umesikia mpaka mwisho."

Mkaguzi hakula mchana ule wala jioni. Aliona aibu, ile aibu ya kweli ambayo huwezi kumtwika mwingine. Cheti cha shimo la jirani kilikuwa kiwandani, kikisubiri sahihi yake Jumatatu. Alijiapiza mbele ya mkewe kwamba hatatia sahihi. Mkewe alimwambia afanye linalompa usingizi, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama nyumba ya kiwanda humtoka mtu siku ileile au hupewa muda wa kuhama.

Jumatatu alimkuta meneja wa ununuzi akiingia kwenye lifti. Meneja alikuwa mtu mchangamfu, hakuwahi kumpita mtu bila salamu.

"Habari za migodini?"

"Nzuri," alisema mkaguzi, kwa kuwa ndivyo inavyoanza, "ila..."

"Tunashukuru," alisema meneja, na milango ya lifti ikajifunga.

Mkaguzi alipanda ngazi akihema, akamkuta ofisini, simu sikioni. "Ndiyo, bosi. Mkaguzi mwenyewe huyu hapa, anasema nzuri." Meneja alimwinulia kidole gumba. Asiyekuwepo na lake halipo, na huyo dada alikuwa mbali, chini ya mbao zake. Simu ilipokatwa, meneja alimwelekezea kiti.

"Ulikuwa na neno?"

Neno alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba tangu Jumamosi na sasa lilimfika kwenye meno. Aliwaza nyumba. Akawaza mama mkwe na dawa zake za presha. Akawaza gari, ambalo alilipenda kuliko alivyopaswa.

"Buti la gari langu," alisema, "linaingiza udongo."

Meneja alitikisa kichwa kwa huruma. "Si lako peke yako. Magari yote ya toleo hili yana watu. Mafundi wameshaliona. Tutaweka mpira mzito wa kutandika na kikanyagio kidogo, ili wanapopanda wasikwaruze rangi. Wateja ni waelewa. Mmoja ameuliza tu kama wake naye afungwe mkanda."

Akamsogezea cheti. Mkaguzi alikitazama, akameza neno lake zima, akatia sahihi. Kalamu iliandika bila taabu yoyote.

Mpira ulikuja, na kikanyagio pia, na vyote vilikuwa vya ubora mzuri. Mvua zikawahi mwaka ule.

Ilikuwa tena Jumamosi, na mkaguzi alikuwa akiosha gari, buti lilipofunguliwa kwa ndani. Alipanda mwanamke, mwekundu mpaka kope, paji la uso kama la kaka yake. Alikitumia kikanyagio vizuri, na rangi haikukwaruzwa. Mama mkwe alimletea kigoda na bilauri ya maji, akampa pole, akarudi ndani bila kumtazama mkwewe. Tangu siku hiyo hakumwita mkwe tena.

Mwanamke alikunywa, akafuta mdomo, akaiweka bilauri mapajani.

"Habari za huku juu?" aliuliza.

"Nzuri," alisema mkaguzi.

Mwanamke alikaa pale kwenye kigoda, akimtazama, akisubiri amalizie.